Ukiandikiwa molnupiravir, imeze hivi

Mimi ni mfamasia hapa Mtwara mjini. Dawa nyingi naelekeza kwa dakika moja tu, lakini molnupiravir, ya UVIKO-19, huwa namwomba mtu aketi kwanza. Ukielewa inachofanya, hutaikatisha.

Virusi vya RNA, yaani vile ambavyo maelekezo yao ya kujinakili yameandikwa kwa kemikali iitwayo RNA yenye herufi nne, A, C, G na U, vikiwemo vya mafua, UVIKO na hata chikungunya, homa ya mbu inayokaza viungo, iliyojulikana kwa mara ya kwanza huku kwetu uwanda wa Makonde mwaka 1952, hujinakili haraka na kukosea mara kwa mara. Makosa machache huvisaidia kujibadilisha. Yakipita kiasi, vinavyozaliwa ni vibovu, haviwezi tena kuambukiza. Dawa hii inayazidisha hayo makosa. Ikiingia mwilini inageuka herufi bandia: kirusi kinaiokota kama C, kumbe safari nyingine inasomeka kama U. Kirusi cha UVIKO kina herufi kama 30,000 na kimeng'enya cha kusahihisha nakala, ila herufi hii hukipenya.

Anza ndani ya siku 5 tangu dalili zitokee. Meza kapsuli 4 za miligramu 200 saa 1 asubuhi na 4 saa 1 jioni, kwa siku 5. Jumla ni 40; zihesabu palepale dirishani. Meza nzima kwa maji, umekula au hujala. Ukisahau na hazijapita saa kumi tangu muda wa kumeza, meza papo hapo. Zikipita, subiri zamu inayofuata, na usimeze mara mbili kwa pamoja.

Kuna mama wa Tandahimba alirudi siku ya tatu. Mzee wake alikuwa ameshapata nafuu, anataka kwenda kwenye mikorosho, na kapsuli zilizobaki wampe jirani anayekohoa. Nilimsihi azirudishe kwa mzee zote. Ukiacha njiani, huenda ukabaki na virusi vilivyobadilika lakini bado vizima, na jirani naye anapata dozi isiyotosha ya ugonjwa usiopimwa. Mwaka 2023 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba alama za dawa hii zimeonekana ndani ya virusi vilivyochukuliwa kwa watu. Kwangu hilo latosha kumfanya mtu amalize dozi.

Tusioneane haya kwenye hili: mjamzito asiitumie, wala aliye chini ya miaka 18, maana inaweza kudhuru mifupa na gegedu zinazokua. Mwanamke atumie uzazi wa mpango anapomeza na siku 4 baada ya kapsuli ya mwisho. Mwanamume miezi 3. Anayenyonyesha asimamishe kunyonyesha anapomeza na siku 4 baada ya kapsuli ya mwisho. Mwambie mfamasia pembeni ukitaka, lakini mwambie.

Usiitarajie makubwa kupita uwezo wake. Katika jaribio kubwa la wagonjwa walio hatarini na wasiochanjwa, waliolazwa au kufariki walikuwa asilimia 6.8 kwa waliomeza dawa, na 9.7 kwa waliomeza kapsuli za kulinganishia zisizo na dawa ndani. Chanjo bado ndiyo ya kutangulizwa.

Wa Newala wanaokuja na viungo vimekaza, msiniombe hii. Kwa chikungunya haijaidhinishwa. Mezeni parasetamoli, mnywe maji mengi, na msiguse diklofenaki wala aspirini mpaka kipimo cha dengue, homa nyingine ya mbu, kitoke.

Mgonjwa wa UVIKO akianza kuhema kwa shida, mpeleke hospitali usiku huohuo, na uchukue pakiti yake ili daktari aione.