Kufufua pikapu ya zamani ya Land Rover katika hewa ya chumvi ya Tanga

Pikapu za zamani za Land Rover zenye chesesi (fremu ya chini) ndefu, yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, bado zinaonekana mkoani Tanga, na baadhi yake zilitumika katika mashamba ya mkonge ya upande wa Muheza na Korogwe. Anayenunua pikapu ya aina hiyo mara nyingi hukimbilia mambo mawili, kuiwasha injini na kuipiga rangi. Kwa gari litakaloishi karibu na bahari, huko ni kuanzia mwisho. Injini yake ni nyepesi kutengeneza na inaweza kusubiri, lakini kutu iliyokwisha kuingia kwenye chesesi haimsubiri mtu.

Kabla ya kununua kipuri chochote, linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mbele karibu na springi, na ile iliyo kwenye kadi ya gari, kisha ulinganishe pia namba ya injini na ile ya kwenye kadi, kwa kuwa magari ya kazi hubadilishiwa injini bila kadi kurekebishwa. Kasoro ya namna hiyo imalizwe kwanza na muuzaji pamoja na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Sasa inua gari kwa jeki, ulikalishe juu ya stendi imara, wala si juu ya matofali, na uingie chini na nyundo ndogo. Chesesi hii ni boksi lililo wazi ndani, hivyo tope la shambani huingia, hutuama na kushika unyevu, na kutu huanza kula kutoka ndani wakati nje pakionekana pazima. Gonga taratibu kwa urefu wote: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, na pengine nyundo hupenya. Kagua zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotokeza pembeni kushikilia bodi, mahali springi zinapofungwa, na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa sehemu za kuwekea miguu.

Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma safi, kisha pachomelewe bamba jipya la milimita 2 au 3. Usikubali kiraka kibandikwe juu ya kutu, hata fundi akikuhakikishia kwamba hakitaonekana, kwa sababu kati ya bamba jipya na la zamani kutabaki mwanya wa kuhifadhi maji ya chumvi. Kabla ya kuchomelea, chomoa nyaya za betri na altaneta, na ushushe tangi la mafuta, ambalo katika pikapu hii hukaa chini ya kiti. Baada ya hapo osha ndani ya boksi kwa maji yasiyo na chumvi yenye msukumo, liache likauke kabisa, pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake, na uhakikishe matundu ya chini yamebaki wazi. Wengi hupaka oili chafu. Inasaidia kiasi, ila hulainisha na kuharibu mipira, kwa hiyo isiguse mipira ya breki wala bushi.

Bodi ni jambo jingine. Land Rover ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza, na ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi ikawa ya aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini inapokutana na chuma penye unyevu wa chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa, na alama yake ni unga mweupe kuzunguka boliti na pembeni mwa milango. Fungua viungo hivyo, safisha pande zote mbili, paka praima, na weka utando wa mpira kati ya chuma na alumini kabla ya kufunga tena. Bati la alumini lililobonyea lisigongwe likiwa gumu, litapasuka. Lipake sabuni ya mche, lipashe kwa moto wa gesi hadi sabuni igeuke nyeusi, acha lipoe, kisha linyooshe polepole.

Breki zitangulie injini. Fungua ngoma zote nne, na vumbi lililomo usilipulize kwa kompresa, kwa maana breki shuu za miaka hiyo huenda zina asbesto. Lilowanishe na ulifute. Silinda za magurudumu zilizokaa muda mrefu huwa zimeshika kutu ndani, na kubadilisha mipira peke yake hakusaidii kitu. Weka silinda mpya, mipira mipya na mafuta mapya ya breki, kisha toa upepo ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, hivyo katika mji kama Tanga yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Injini ya lita 2.25 iliyolala muda mrefu isipigwe stata. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache usiku mzima, halafu izungushe kwa hendeli mpaka iende bila kukwama. Mwaga oili na petroli ya zamani, safisha kabureta, rekebisha tapeti (vyuma vinavyosukuma vali) ziwe na nafasi ya milimita 0.25, na funga nyaya za plagi kwa mpangilio wa silinda kuwaka, 1-3-4-2. Rejeta isijazwe maji ya kisima cha pwani, ambayo mara nyingi yana chumvi. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi.

Taa zikiwa hafifu, usikimbilie kununua altaneta. Safisha kwanza sehemu za ethi, yaani pale waya wa umeme unapofungwa kwenye bodi au chesesi, kwa kuwa alumini iliyochakaa huzuia umeme kupita vizuri.

Jaribio la kwanza liwe njia tambarare ya kwenda Pongwe, si mlima wa Amani. Ukifika, shika katikati ya kila gurudumu: lenye joto kuliko mengine lina breki inayoshika au beringi iliyokazwa mno. Ukirudi, kaza tena nati za magurudumu na za springi, na chungulia chini kama kuna oili inayovuja.

Rangi ije baada ya haya yote, na nje ya masika, kwa maana unyevu unaonaswa chini ya rangi huifanya itoe malengelenge. Alumini isuguliwe kwa msasa na ipakwe praima yake maalumu, kwani redoksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu ya chuma, itabanduka. Mwambie fundi wa rangi asizibe kwa puti matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango.