Kumchagulia Mwenye Kisukari Vitamu vya Idi

Halua, ambayo ni sukari, wanga na samli, isiwe zawadi ya mtu mwenye kisukari, hata ikiwa ni kipande kidogo, kwani ni nani huishia kipande kimoja? Kaimati zina nafuu ukiomba chache zitengwe mara zinapoepuliwa, kabla hazijatiwa shira, ingawa unga wa ngano nao hugeuka sukari mwilini, hivyo mbili zatosha, tena baada ya chakula. Tende huhesabiwa: moja kubwa ya Medjool ina takribani gramu 16 za sukari, sawa na vijiko 4 vya chai. Asali haina unafuu wowote. Mimi ningempelekea korosho za kukaanga zisizo na chumvi, pamoja na kahawa chungu ya tangawizi.