Kampuni ya simu ikitangaza kupunguza watu: mwongozo kwa mfanyakazi aliyeko Dodoma

Tangazo huja karibu kila mara kwa mtindo uleule. Mwaliko wa kikao cha mtandaoni unatumwa jioni, kesho yake asubuhi mkurugenzi anazungumza dakika ishirini kutoka Dar es Salaam kuhusu "muundo mpya", kisha watu wa Kanda ya Kati wanabaki kwenye kundi la WhatsApp wakiulizana nani yumo kwenye orodha. Hasira nyingi huishia humo, na uongozi haulazimiki kujibu neno lolote lililosemwa humo. Kinachoubana ni swali lililoandikwa, likapokelewa na kuwekewa tarehe kabla barua za kusitisha ajira hazijatoka. Kipindi hicho ni kifupi, kwa hiyo anza siku ileile ya tangazo.

Mwajiri anadaiwa nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio mara tu anapoanza kufikiria kupunguza watu. Si baada ya bodi kumaliza kazi. Anatakiwa pia kutoa taarifa zote zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana, kisha ajadiliane juu ya mambo matano: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, ratiba, na malipo ya kuachishwa. Majadiliano ni na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kazini, mathalani TUICO au TEWUTA. Wasiokuwa na chama lazima nao wazungumzwe nao.

Sababu zinazokubalika ni za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo. Kwenye kampuni za simu, sababu zote tatu hupatikana kirahisi: minara inauzwa kwa kampuni ya minara, kituo cha huduma kwa wateja kinakabidhiwa wakala wa ajira, maduka ya mikoani yanaunganishwa. Mara nyingi uamuzi umetoka mbali. Mei 2023 BT ya Uingereza ilitangaza kupunguza kati ya watu 40,000 na 55,000 hadi kufikia mwaka 2030, na mwezi huohuo Vodafone ikatangaza 11,000 kwa miaka mitatu. Kampuni mama kuamua ng'ambo hakumwondolei mwajiri wa Tanzania wajibu wa kujadiliana na watu wake wa hapa, kwa sababu mkataba wako umesainiwa naye.

Kwa hiyo angalia dalili za majadiliano ya geresha. Barua yenye tarehe iliyotangulia kikao. Chati ya muundo mpya yenye majina tayari. Nywila ya mfumo kufungwa kabla hujapewa chochote mkononi. Kazi yako kutangazwa upya wiki chache baadaye kwa cheo chenye jina jipya. Kila kimoja ukikiona, andika tarehe, saa na aliyekuwepo.

Geuza lalamiko liwe swali

Kuuliza kikaoni "kwa nini bosi kapewa gari jipya wakati sisi tunafukuzwa?" kunaleta makofi, na makofi hayaingii kwenye muhtasari. Lalamiko hilohilo likisimama juu ya hoja ya njia za kuepuka kupunguza watu, linakuwa swali ambalo Rasilimali Watu lazima walijibu: "Kabla ya kugusa ajira, ni gharama zipi za uongozi, magari, washauri wa nje na safari zimepunguzwa, na kwa kiasi gani?"

Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na ikisainiwa na watu kumi wa tawi moja ina uzito kuliko barua kumi tofauti. Mfano:

*Meneja Rasilimali Watu,*
*Nakala: Meneja wa Kanda ya Kati, Katibu wa tawi la chama.*

*YAH: TAARIFA TUNAZOHITAJI KWA AJILI YA MAJADILIANO YA KUPUNGUZA WAFANYAKAZI*

*Tumepokea taarifa ya tarehe ___. Ili majadiliano yafanyike ipasavyo tunaomba kwa maandishi, kabla ya kikao kijacho:*
*1. Sababu zinazohusu Kanda ya Kati, pamoja na takwimu zinazozithibitisha.*
*2. Orodha ya nafasi zilizopo sasa na zitakazobaki, kwa kila idara.*
*3. Walioajiriwa au kuletwa kupitia wakala katika miezi 12 iliyopita, kwa nafasi.*
*4. Njia mbadala zilizofikiriwa na sababu za kuzikataa.*
*5. Vigezo vya kuchagua watakaoondoka, na uzito wa kila kigezo.*
*6. Ratiba, na kanuni ya kukokotoa malipo.*

*Tunaomba pia muhtasari wa kila kikao ndani ya siku tatu.*

Peleka nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na sahihi, tarehe na muhuri wa mapokezi. Tawi likikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe siku hiyohiyo na uweke nakala kwenye anwani yako binafsi.

Swali la tano ndilo lenye nyama. Vigezo vinavyokubalika ni kama urefu wa utumishi, ujuzi maalumu, uzoefu na nafasi ambazo kampuni haiwezi kukosa. Uanachama wa chama na ujauzito si vigezo. Kampuni nyingi hutumia alama za tathmini ya utendaji, na hapo ndipo watu wa mikoani huumia: fundi anayehudumia saiti kutoka Kondoa hadi Mpwapwa hulinganishwa na mwenzake wa mjini kwa idadi ya kazi alizofunga kwa siku, bila kuhesabu kilomita. Kama alama zako zilishushwa na umbali, sema hivyo mapema na uambatishe kumbukumbu za safari.

Kikaoni, kusaini daftari la mahudhurio ni sawa, lakini fahamu kwamba daftari hilo ndilo mwajiri ataonyesha baadaye kuthibitisha kuwa "mlishirikishwa". Juu ya ukurasa pawe na kichwa cha kikao na ajenda. Ukipewa karatasi tupu yenye mistari ya majina tu, andika kichwa mwenyewe kabla ya kusaini. Pasipopatikana muafaka, shauri linakwenda kwenye usuluhishi, na ukishindikana linakwenda kwenye uamuzi; sheria inazuia upunguzaji kutekelezwa katika siku 30 za hatua hiyo ya uamuzi. Ni matawi machache yanayoitumia nafasi hii. Mengi hungoja barua.

Nyaraka: chukua zako, acha za kampuni

Kusanya mkataba, barua ya ajira inayotaja mahali ulipoajiriwa, slipu za mshahara za miezi 12 au zaidi, barua za uhamisho na kupandishwa cheo, tathmini zako, kumbukumbu za likizo, na madai ya ovataimu, kamisheni au posho za safari ambayo hayajalipwa. Madai ya posho yawasilishe sasa hivi kwenye mfumo. Ukishafungiwa akaunti utakuwa unadai kwa kumbukumbu ya kichwa.

Usijitumie orodha ya wateja, rekodi za simu, ramani za mtandao wala nywila, hata kama unaamini zinathibitisha hoja yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapo, na mwajiri aliyekuwa anafuta nafasi yako tu anapata kosa la nidhamu la kukufukuzia bila kiinua mgongo. Usirushe mtandaoni picha za vikao pia.

Vifaa vyote, kuanzia kompyuta na laini ya kampuni hadi funguo za saiti, vipima mawimbi na gari, virudishe kwa fomu ya makabidhiano iliyosainiwa na pande mbili, hali ya kifaa ikiwa imeandikwa. Malipo ya mwisho huzuiwa mara nyingi na betri moja isiyojulikana ilikokwenda.

Hesabu yako, usingoje yao

Stahiki za chini kisheria ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi (au fedha badala yake), likizo ambayo hukuchukua, kiinua mgongo, nauli ya kurudi mahali ulipoajiriwa, na cheti cha utumishi. Notisi haitolewi ukiwa likizo wala haiendi sambamba na likizo.

Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Ugomvi uko kwenye thamani ya "siku". Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Ofisi nyingi hugawa kwa 30. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 1,300,000 na miaka 10. Kwa 30 utapata kama 3,033,000. Kwa jedwali, anayefanya kazi siku sita kwa wiki anapata karibu 3,500,000, na wa siku tano karibu 4,200,000. Kwa wa siku tano ni zaidi ya milioni moja iliyopotelea kwenye kigawanyo, na wengi husaini bila kuuliza.

Mwenye miaka 13 halindwi na sheria kwa ile mitatu ya ziada. Lakini kiwango cha malipo ni mojawapo ya mambo matano ya kujadiliwa, kwa hiyo mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka bila kikomo ni ombi halali kabisa mezani. Angalia pia mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama na mwajiri), kama upo. Huenda umeshaahidi zaidi.

Nauli ni suala kubwa Dodoma kwa sababu wengi waliletwa kwa uhamisho wakati ofisi zinafuata serikali. Kama uliajiriwa Mwanza au Dar es Salaam, mwajiri anakusafirisha wewe na mizigo yako au anakulipa, na anakulipa pia fedha ya kujikimu kwa siku zote kati ya kusitishwa na kusafirishwa. Leta bei ya Fuso kutoka kwa wasafirishaji wawili, maana tiketi ya basi ya stendi ya Nanenane haibebi kabati. Aliyeajiriwa hapahapa hana dai hili.

Wa mkataba wa muda maalumu: ukiisha kwa tarehe yake, hakuna kiinua mgongo cha kupunguzwa. Ukikatwa katikati, dai lako ni mshahara wa muda uliobaki.

Kabla ya kusaini

Barua ukiipokea, andika chini: "Nimeipokea tu, sijakubali yaliyomo", weka tarehe. Hati ya "makubaliano ya kuachana" ni kitu kingine. Huwa na fungu la kutodai lolote baadaye, na fedha ya ziada wanayokupa ndiyo bei ya fungu hilo. Omba siku tatu za kuisoma na mtu wa chama au wakili.

Tazama neno moja zaidi: sababu ya kuondoka. Fao la kukosa ajira la NSSF hulipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18, lakini aliyejiuzulu hapati. Barua iseme mwajiri amesitisha ajira kwa kupunguza wafanyakazi. Wanaoombwa "kujiuzulu kwa heshima" huligundua hili kaunta ya NSSF. Wakati huohuo toa taarifa ya michango yako, uone kama miezi yote imepelekwa. Miezi iliyoruka idai kabla hujaondoka.

Mkopo wa benki una mtego wake. Malipo ya mwisho yakiingia akaunti ya mshahara, benki yaweza kukata deni lote siku hiyo, kama mkataba wa mkopo unavyoruhusu. Nenda benki kabla, uliza kama bima ya mkopo inagusa kupunguzwa kazi na dai lipelekwe ndani ya siku ngapi, kisha omba ratiba mpya. Kwenye SACCOS angalia umemdhamini nani. Naye akiwa kwenye orodha, deni lake linakugeukia, na hilo linaumiza kuliko lako.

Ukienda Tume

Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipoishia. Madai mengine ya kikazi yana siku 60. Ulifanya kazi Dodoma, fungua Dodoma, hata kama makao makuu ya kampuni yako Dar es Salaam. Fomu Namba 1 haina ada. Mpe mwajiri nakala kwanza na uambatishe uthibitisho wa kupokelewa. Sehemu B ya fomu ni ya waliositishwa ajira tu: hapo unaeleza kwa nini sababu au utaratibu haukuwa wa haki. Wanaoiacha wazi huyumba kesi inapofika kwenye uamuzi. Andika pia unachotaka, kurudishwa kazini au fidia, na kila kiasi unachodai.

Kinachoua madai mengi ni kauli ya Rasilimali Watu kwamba "tunalishughulikia". Siku zinaendelea kuhesabika wakati wakishughulikia. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa Fomu Namba 2 na kueleza kila siku iliyopotea. Usuluhishi ukishindikana linafuata shauri la uamuzi, na asiyeridhika na tuzo (uamuzi unaotolewa na Tume) ana wiki sita kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Usiache pia kuandika barua fupi ya kueleza kuwa ungependa kurejeshwa nafasi zikifunguliwa, kwa kuwa aliyepunguzwa hupewa kipaumbele kampuni ikiajiri tena watu wa sifa kama zake. Weka namba yako binafsi, maana laini ya kampuni itakuwa imeshazimwa.