Jinsi ya kujifunza maneno ya misimu ya Kijapani bila kukariri orodha

Wengi wakishajua haru (majira ya kuchipua), natsu (kiangazi), aki (vuli) na fuyu (baridi) wanaona misimu wameimaliza, kumbe ndo kwanza kumekucha. Maneno ya msimu ni mengi mno, yana jina lake kabisa, kigo, na kamusi zake zinaitwa saijiki, sasa ukianza kukariri saijiki toka ukurasa wa kwanza utachoka hata sakura, maua ya mcheri, hujaifikia. Mi nakushauri ufuate kalenda, neno lijifunze wiki ile linapotumika.

Anza na salamu. Kiangazi unasema atsui desu ne, yaani joto eh, wakati wa baridi samui desu ne, baridi eh, mwenzio anajibu so desu ne, kweli kabisa, basi imetosha. Hiyo "ne" ya mwisho usiiache, ndo inayomvuta mwenzio akubaliane na wewe, bila hiyo unakuwa kama mtu anasoma taarifa ya hali ya hewa.

Halafu weka kwenye simu tarehe za sekki. Mwaka umegawanywa vipande 24, utaratibu wenyewe ulitoka China, ila usikariri zote jamani, anza na mbili: risshun, mwanzo wa majira ya kuchipua, kama Februari 4, na risshu, mwanzo wa vuli, Agosti 7 au 8. Hapo kwenye risshu ndo watu wanachanganyikiwa, maana kwa kalenda vuli imeingia na nje jua linaunguza vilevile. Lakini kadi za kujuliana hali zinabadilika jina siku hiyohiyo, kabla yake unaandika shochu mimai, yaani pole na joto kali, ikishafika unaandika zansho mimai, yaani pole na joto lililobakia, hata kama halijapungua hata chembe. Za mwaka mpya nazo, nengajo, Januari 7 ikishapita umechelewa, tuma kanchu mimai, yaani pole na baridi kali, na uiwahishe kabla ya risshun.

Kwenye sakura tulia kidogo, pana utamu. Maua yamechanua halafu baridi ikarudi ghafla, hiyo ni hanabie. Upepo ukiyapeperusha kama yote ni hanafubuki, yakiangukia mtoni yakaelea kwa pamoja ni hanaikada, na mti ukianza kujaa majani mabichi tunaita hazakura. Yanakuja karibu kwa mpangilio huo, kwa hiyo angalia mti kwanza ndo ufungue mdomo.

Mtego mwingine ni koharubiyori. Kwa vile ndani kuna "haru" watu wanalitumia Machi, wakati ni ile siku ya jua zuri mwishoni mwa vuli au baridi ikianza. Na kama unataka kuandika haiku, yale mashairi mafupi ya Kijapani, chunguza kwanza kwenye saijiki, maana tikiti maji, ua la asagao na hata sikukuu ya Tanabata ya Julai 7 vyote vinahesabiwa vuli! Ni mambo ya kalenda ya zamani, hii ya sasa Japani imeanza kuitumia 1873.

Msosi ndo rahisi kuliko vyote. Chakula kikiwa kwenye msimu wake hasa kinaitwa shun, kile cha kwanzakwanza kabisa ni hashiri, cha mwishomwisho ni nagori. Takenoko, machipukizi ya mianzi, ni ya majira ya kuchipua, samaki sanma wa vuli, na mgahawa ukibandika tangazo la hiyashi chuka hajimemashita, ujue joto limeingia na tambi za baridi zimerudi, ingia uagize.