Namna ya kusoma majina ya kazi za zamani katika kumbukumbu za koo za Ayalandi

Kinachowapoteza wengi ni kuifungua kamusi ya Kiingereza cha leo. "Victualler" wa Uingereza mara nyingi ni mwenye baa. Wa Ayalandi ni mwenye bucha. Ukimtafuta kwenye leseni za pombe utachoka bure.

Anza na picha ya karatasi yenyewe, si maandishi yaliyonakiliwa. Kwa mwandiko wa zamani, "nailor", mfua misumari, husomwa kwa urahisi kama "sailor", baharia. Sensa za 1901 na 1911 ziko mtandaoni bure pamoja na picha zake.

Neno gumu kuliko yote ni lile linaloonekana jepesi: "farmer". Aliyekodi ekari tatu aliitwa hivyo, na aliyekodi mia pia. Tena mtu yule yule anaweza kuwa "farmer" kwenye cheti cha ndoa cha bintiye na "labourer", kibarua, kwenye sensa. Usikimbilie kusema ni watu wawili. Nenda kwenye uthamini wa ardhi wa Griffith, wa 1847 hadi 1864, utafute kitongoji chake. Eneo limeandikwa kwa ekari, rudi na pachi: pachi 40 ni rudi moja, rudi nne ni ekari. Ukikuta nyumba tu, au bustani ya pachi chache, huyo aliishi kwa kibarua. Soma pia safu ya aliyemkodisha. Ikiwa ni mkulima jirani wala si mwenye ardhi mkubwa, yaelekea alikuwa "cottier": mtu wa kibanda na kipande cha shamba, aliyelipa kodi kwa siku za kazi.

Kaskazini utakutana na kazi za kitani. "Scutcher" aliponda mabua kutoa nyuzi, "hackler" akazichana, "weaver" akafuma. "Cordwainer" ni fundi wa viatu, "cooper" wa mapipa, na "herd" ni mchunga mifugo. "Scholar" ni mtoto wa shule tu.

Safu ya kazi ya mke ikiwa tupu mwaka 1911, usiseme hakufanya kazi: fomu yenyewe iliagiza kazi za nyumbani zisiandikwe.

Katika sensa hizo, polisi waliohesabiwa kambini waliandikwa herufi za kwanza za majina tu. Walinganishe kwa umri, dini na kaunti ya kuzaliwa.