Kumpa mtoto jina la Kijapani ukiwa Uganda

Kwanza kabisa jina la ukoo libaki. Kama nyinyi ni Baganda (watu wa Buganda) mtoto apewe jina la ukoo wa baba yake kama kawaida, hilo la Kijapani likae pale ambapo wengi tunawekaga Brian au Patricia. Jajja (bibi au babu) akisikia mjukuu anaitwa Haruki tu basi, hapo nyumbani hakulaliki, na mi nitakuwa upande wa jajja.

Kuchagua sasa. Tanaka, Suzuki, Honda, hayo ni majina ya familia, usimpe mtoto. Wajapani wanaanza na la familia ndo linafuata la mtu mwenyewe, kwa hiyo ukiona jina kamili mahali hakikisha kwanza lipi ni lipi. Na Kato, ambalo kwao ni la familia, huku ni la pacha wa kiume aliyefuata, mtoto asiye pacha ataulizwa Wasswa, yaani pacha aliyetangulia, yuko wapi mpaka azeeke, achana nalo.

Kwenye maana ndo tulia. Jina moja kwa sauti linaandikwa kwa kanji (herufi zao zenye asili ya Kichina) tofauti na kila kanji ina maana yake, Haruki inaweza kuanza na herufi ya jua, au ya anga lililotakata, au ya msimu wa machipuko, mzazi ndo anaamua. Kwa hiyo usikopi tu "maana yake ni hii" kutoka kwa simu, tafuta mtu anayesoma Kijapani, chagueni namna moja ya kuliandika kwa kanji mwandike mahali pa kutunza, maana mtoto atakuja kuuliza na anastahili jibu la kweli.

Halafu liite kwa sauti, nyumbani, kwa lugha zote mnazoongea. Vokali zao ni tano kama zetu so matamshi hayasumbui sana, ila Haruki kwa Baganda wengi itakuwa Haluki, kama hiyo itakukera chagua lingine. Hana kwao ni ua, zuri kabisa, lakini mwalimu wa Kiswahili akisema "Hana hana kalamu" darasa zima litacheka. Kama wakwe ni watu wa kanisa sana kuna Naomi, liko kwenye Biblia na Japani wanaliita pia.

Mwisho NIRA, ofisi ya serikali inayosajili vizazi. Wanaandika herufi za kawaida, hakuna kanji, so amua mapema ni Yuto au Yuuto, na kadi ya chanjo, ubatizo na cheti cha kuzaliwa vyote viwe na spelingi hiyohiyo, kurekebisha baadaye kunasumbua sana.