Kuwasiliana na mgonjwa aliyepoteza usemi kwa kiharusi: mwongozo kwa wauguzi wa wodini

Kiharusi kikishambulia upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi mgonjwa hupoteza usemi pamoja na nguvu za mkono na mguu wa kulia, ingawa anaweza kuwa anaelewa mengi yanayosemwa. Kwa hiyo acha kwanza kumjadili na ndugu zake mbele yake kana kwamba hayupo.

Vuta kiti uketi usawa wa macho yake, na uhakikishe amevaa miwani yake kama anayo. Mwamkie. Usishangae mzee ambaye hajatamka neno tangu alazwe akiitikia shikamoo yako kwa marahaba iliyo wazi, kwa kuwa maneno ya mazoea, kama vile maamkizi, sala na kuhesabu, mara nyingi husalimika hata pale sentensi mpya zinapokataa kutoka. Marahaba hiyo haithibitishi kwamba anaweza kueleza maumivu yake.

Kazi kubwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo huachwa kwanza wodi inapofurika, ni kupata “ndiyo” na “hapana” za kuaminika. Chagueni ishara, kwa mfano kukubana kidole kwa mkono wake wenye nguvu, kisha mpime kwa maswali ambayo majibu yake unayajua: Je, hapa ni nyumbani kwako? Je, wewe ni mwanamke? Akikosea, jaribu ishara nyingine, na majibu yake mengine usiyategemee kwanza. Akipatia, uliza jambo moja tu kwa kila swali, kisha unyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia, wala usimmalizie maneno.

Chora kwenye karatasi ngumu choo, kikombe, blanketi na mwili mzima, ili aonyeshe kwa kidole. Akionyesha kikombe, usimpe maji kabla uwezo wake wa kumeza haujapimwa, kwani yanaweza kuingia mapafuni.

Ikiwa nyumbani hazungumzi Kiswahili, mwombe ndugu akufundishe maneno ya maumivu, kiu na haja. Habari za siri na ridhaa ya matibabu, hata hivyo, zisipitie kwa mtoto aliyeleta uji.

Ishara mliyokubaliana iandikwe kwenye faili na kubandikwa ukutani kichwani pa kitanda, na itajwe wakati wa kukabidhiana zamu, la sivyo muuguzi wa usiku ataanza upya na mgonjwa aliyekwisha kuchoka.